Kichupa Kutoka Maabara

Renzo Pavetto aliendesha gari kutoka mashamba ya miwa ya Ingham hadi jiji la Townsville bila hata kufungua redio. Binti yake Tilly, wa miaka saba, alikuwa amelazwa huko tena, akiongezewa damu kwa mara ya tano tangu Krismasi. Mwili wake haukutengeneza sawasawa kimeng'enya kimoja cha kuvunja sukari, basi chembe zake nyekundu zilikufa kabla ya siku zao. Madaktari walishauri atolewe bandama. Renzo alikataa. Mkewe Carla aliingia chumba cha upasuaji akicheka, akatolewa amefunikwa shuka.

Ndipo aliposikia kwamba kimeng'enya hichohicho, kilichosafishwa, kipo kwenye maabara ya chuo kikuu cha hapo mjini.

Mtafiti Bronwyn Haskett alimpokea kwa upole, akamsikiliza habari za Tilly. Alitoa kichupa kwenye friji, akakiweka juu ya barafu ili mgeni akione. Ndani mlikuwa na kimiminika kidogo, cheupe kama maji ya mchele.

"Kimetoka kwenye misuli ya sungura," alisema. "Ni cha utafiti tu. Hadungwi mtu."

"Matone mawili tu, dada. Mtoto anaisha."

"Kitamdhuru, Renzo. Na hata kisipomdhuru, hakipenyi ndani ya chembe."

Simu iliita. Bronwyn alipogeuka kuipokea, Renzo alikwapua kichupa akatoka mbio.

Aliegesha nje ya hospitali, jua la Februari likichoma paa la gari. Kwa karibu saa nzima alikaa ameshika bomba la sindano alilonunua duka la dawa za mifugo. Maneno ya Bronwyn aliyasikia vizuri. Aliamua ajidunge mwenyewe kwanza. Akinusurika, apande wodini. Alikunja shati, akavuta dawa. Sindano ilimteleza, ikamchoma kidole.

Mlango wa pili ulifunguliwa. Bronwyn, aliyekuwa akimtafuta hospitalini, aliketi kando yake, akihema.

"Usiniguse," Renzo alisema.

"Sikugusi. Ila ukifia humu, nani atapanda juu kumwambia Tilly?"

Renzo alitazama juu, madirisha ya wodi.

"Na hicho kimeshakufa kwa joto. Miezi sita ya kazi yangu."

"Ulitaka nifanye nini? Nikae nimtazame akigeuka manjano?"

"Madaktari wanasemaje?"

"Wamchane. Carla walimchana. Unajua nilichokiona mimi?"

"Sijui," alisema Bronwyn. "Ninachojua, bandama ndiyo inayomlia zile chembe. Kuitoa hakutamponya. Kutampunguzia."

Renzo aliinamia usukani akalia, kilio kisicho na sauti. Bronwyn alimtoa sindano mkononi taratibu. Hakupiga simu polisi.

Wodini Renzo alisoma fomu ya upasuaji mara mbili, mstari kwa mstari, kisha akasaini. Siku ya siku ilipofika alisimama ukutani kwa muda wa saa tatu, hakukubali kiti wala chai. Tilly alitoka hai.

Hakupona. Bado huongezewa damu, mara moja au mbili kwa mwaka, na macho yake yana umanjano kidogo. Muhula uliofuata upasuaji alianza kuogelea na wenzake shuleni, na Renzo humngoja ukingoni mwa bwawa na taulo, amesimama, hawezi kuketi.