Wanaounga Mkono

Kila jioni, baada ya kuvua viatu na kubandika chai, mshauri wa usawa wa bodi ya shule alikaa kwenye kochi, akachukua chanuo, akaanza kutoa mikono kichwani mwake. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zimesimama zitakavyo. Pale ofisini wengine wote walikuwa weupe, na kila aliyezigusa bila kuomba aliuacha mkono humo. Leo alitoa wa mhasibu, wenye pete, na wa katibu, laini kama mkate.

Wenyewe hawakuwahi kuulizia. Waliondoka na mkono wa shati ukining'inia, kesho yake wakaja na mwingine. Mwanzoni aliwarudishia.

"Huo si wangu," mhasibu alimwambia, huku akiitazama pete yake. "Mimi siko hivyo. Nilikuwa nasifia tu."

Basi mikono akaitia kwenye kikapu cha nguo. Haikuwa mikono mibaya. Ilimenya vitunguu, ilikunja shuka. Wa mhasibu tu ndio uliokuwa mkono wa birika kweli: ukishika sabuni, hautoi.

Kilichomnyima usingizi ni binti yake, aliyeanza shule wiki hiyo, shule ya bodi hiyohiyo. Mama mtu alikuwa ameandika kanuni fupi: mtoto asiguswe nywele bila ridhaa yake, wala asirudishwe nyumbani kwa sababu ya nywele hizo. Alitaka ipite mapema, kabla mtoto hajazoea kichwa chake kuwa mali ya umma. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Ijumaa kanuni ikaletwa mezani. Alikuja na kikapu, kama kielelezo.

"Dada, sisi tunakuunga mkono kabisa," alisema mwenyekiti, na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. "Haya, wanaounga mkono wainue."

Mhasibu alikuwa akijikuna goti. Katibu alikuwa na kalamu. Kifuniko cha kikapu kikafunguka na mikono yote ikasimama juu, vidole vimenyooka.

Mwenyekiti akaihesabu kwa adabu. Ilikuwa mingi kuliko wajumbe.

"Inatia moyo," akasema. "Ila mkono unaopiga kura lazima uwe na mwenyewe. Wenyewe wapo?"

Mshauri akawatazama wenyewe. Wenyewe wakatazama dirishani.

"Basi tutaunda kamati," akasema mwenyekiti. Wakati wa kutoka alimpapasa kichwani, akamwambia asikate tamaa, akaenda zake na mkono mmoja.

Jioni ile mshauri alimkalisha binti yake kati ya magoti, amsuke. Nyuma ya sikio chanuo likakwama. Akaingiza vidole taratibu, akautoa: mkono wa mtu mzima, una saa na vumbi la chaki.

"Huo wa mwalimu," binti akasema. "Tumrudishie Jumatatu?"

"Atasema si wake."

Mtoto akaridhika na jibu hilo. Akauchukua, akaupeleka kikapuni, akausukumasukuma hadi ukaingia. Kisha akarudi kukaa palepale.

"Mama, kikapu chako kimejaa," alisema. "Changu utaninunulia lini?"

"Kesho," mama akajibu, akaendelea kusuka.