Baraza la Mawaziri Lililopita kwa Dobi

Rais mpya alikuwa na tabia moja ambayo hata waliompigia kura hawakuitegemea: hakupenda kumwambia mtu cheo chake. Kila aliyemteua alipelekewa bahasha nyeupe iliyofungwa kwa gundi, haina jina wala alama, pamoja na maagizo ya mdomo kutoka kwa dereva wa Ikulu. Usiifungue. Itie mfuko wa ndani wa koti, njoo nayo siku ya kiapo, uifungulie mbele ya kipaza sauti, taifa zima likikutazama. Rais alisema kiongozi wa kweli hujulikana kwa sura anayoifanya akishtuliwa.

Dobi aliposikia hayo alicheka mpaka akalazimika kuweka pasi chini.

"Huyo mtu hafai," alisema. "Nilisema wakati wa kampeni, nasema leo, na kesho mkija mapema nitasema tena. Hafai!"

"Wewe kazi yako mashati," Shemeji akamjibu. "Nchi waachie wenye nchi."

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mke wa Dobi, fundi bomba, miaka ishirini na sita ndani ya mitaro. Bomba lolote la mji ule alijua lilizikwa lini na linavujia wapi. Wakati wa kampeni alimpigia debe Rais mpaka sauti ikakauka, akawa anaongea kwa mikono kama trafiki. Na sasa alikuwa ameletewa bahasha. Hakujua ndani mna nini, ila alijua. Fundi bomba apewe nini kama si Maji?

Chumba cha Dobi kilitazamana na nyumba ya wageni walikofikia wateule wengine wanne. Kwa hiyo alasiri ya kuamkia kiapo, suti tano zilikuwa mikononi mwake: ya Shemeji, ya mwongoza kwaya, ya mwalimu wa kuogelea, ya daktari wa mifugo, na ya mama mmoja mkunga aliyependa suti za kiume kwa sababu ya mifuko.

Dobi alikuwa na utaratibu wake. Koti likiingia linafungwa kitambaa chenye namba kwenye ukosi. Vilivyomo mifukoni vinatolewa bila kusomwa wala kuchunguzwa, vinatiwa kwenye kopo tupu la maziwa, kopo linawekwa kwenye rafu. Namba ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa rafu, chini ya kila kopo. Kwenye kopo lenyewe hakukuwa na kitu. Pasi ikimaliza na koti likipoa, vitu vinarudi vilikotoka. Miaka thelathini na moja hakuwahi kumrudishia mtu kifungo kisicho chake, na jambo hilo alilitaja walau mara moja kwa siku, hata kwa mtu aliyekuja kuuliza njia tu.

Alasiri hiyo alikuwapo pia Mwalimu, mstaafu wa hesabu aliyekuja kila siku kusoma gazeti la Dobi kabla Dobi hajalisoma. Ndiye aliyewasha moto.

"Hebu tusaidiane," alisema nyuma ya gazeti. "Rais anatakiwa awe na nini hasa, ndipo tuseme anafaa?"

Dobi akainuka. Dobi hakuweza kubishana mikono mitupu. Akashika kopo la kwanza rafuni akaligonga mezani. "Elimu!" Akashika la pili. "Busara!" La tatu. "Kumbukumbu!" La nne. "Usingizi wa kutosha, maana huyu halali, macho mekundu kama kakata vitunguu!"

Shemeji naye hakukubali. Akanyakua la tano akaligonga mpaka meza ikaruka. "Moyo! Ana moyo! Nyie hao wengine wenye elimu waliwafanyia nini?"

"Moyo hata mbuzi anao!"

"Basi mpigie mbuzi kura!"

Wakaendelea hivyo mpaka mke wa Dobi alipopiga kelele kutoka uani kwamba magari ya Ikulu yanapanga foleni nje na wao wanapigana na makopo. Dobi, kifua kikiwa bado kinapanda na kushuka, akayarudisha makopo rafuni moja moja, kwa mkono wa mtu asiyewahi kukosea. Akajaza mifuko. Suti zikaenda.

Kesho yake walikaa mbele ya televisheni ndogo iliyokuwa juu ya pipa la sabuni: Dobi, mkewe na Mwalimu. Rais alisimama pembeni ya kipaza sauti akisuguasugua viganja kama mtu anayesubiri chakula.

Mwalimu wa kuogelea akafungua yake: Waziri wa Fedha. Daktari wa mifugo: Mambo ya Nje. Mkunga: Ulinzi. Kila cheo kikisomwa, Rais alipiga makofi kuliko watu wote.

"Mnaona?" Dobi alikuwa hatulii kwenye kiti. "Mnaona au hamuoni?"

Kisha akasogea mwongoza kwaya. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, na pamoja na bahasha akatoa kigurudumu cha utepe mweupe, ule wanaozungushia nyuzi za bomba ili maji yasivuje. Akautazama. Akaugeuza. Watu ukumbini wakampigia makofi, wakidhani ni ishara ya jambo fulani. Akafungua bahasha.

"Waziri wa Maji," alisoma.

Dobi aliacha kusema katikati ya neno. Katika mji mzima alimjua mtu mmoja tu asiyetoka nyumbani bila utepe ule mfukoni, hata akienda msibani.

Shemeji alikuwa wa mwisho. Alipofungua yake midomo ilitembea kwanza bila sauti, kama anasoma barua iliyoandikwa kwa lugha ya watu wengine. "Usafiri wa Anga," alisema.

"Masikini kaka yangu," mke wa Dobi akasema. "Huyo hata ngazi akifika kipago cha nne hutapika."

Mwalimu akakunja gazeti, akamnyooshea Dobi mkono. "Nakupa. Umeshinda. Huyu Rais hafai hata kuwa kiranja."

Wakamsubiri Dobi ashangilie.

"Labda," alisema, "labda ana sababu zake."

Mkewe akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

Kuanzia hapo nchi haikuwa na mazungumzo mengine. Waziri wa Ulinzi alikagua gwaride akawaambia askari wavute pumzi ndefu na wasisukume mpaka awaambie. Waziri wa Fedha, alipoulizwa kuhusu bajeti, alisema kwanza wananchi wajifunze kuelea. Waziri wa Mambo ya Nje alimshika balozi mmoja taya akamtazama meno. Redioni asubuhi walijadili kama Rais ni mwendawazimu, mchana kama ni mjanja kupita kiasi, na jioni kama kuna tofauti. Bunge likapanga siku ya kulizungumza: Rais anafaa au hafai? Wananchi wakaambiwa walete sahihi zao, na kila mtu aandike sababu yake mbele ya jina.

Mwalimu alinunua daftari, akalichora mistari kwa rula, akaliweka kwenye meza ya kupigia pasi. Mstari wa kwanza aliuacha wazi. "Huo wako. Wewe ndiye uliyeanza kuona."

"Mikono yangu ina maji," Dobi akasema.

Siku iliyofuata mikono ilikuwa na sabuni. Siku iliyofuata tena alikuwa amejikata kidole, akakionyesha, na hakikuwa na jeraha.

Hakulala vizuri na hakula vizuri. Akisema ukweli, wateja wa miaka thelathini na moja watajua. Asiposema, atasaini kwamba kosa lake mwenyewe ni la Rais. Bado angevumilia, kama si Shemeji kuja na suti yake imetapikiwa kifuani kote.

"Safari mbili wiki hii," Shemeji alisema, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amekonda shingo. "Daktari kanikataza. Kasema presha yangu na ndege haziwezi kukaa pamoja. Alhamisi nafungua uwanja mpya, natakiwa niingie nikiwa nimekaa mbele, kwa rubani."

"Basi acha, Shem! Jiuzulu! Kwani lazima?"

"Lazima." Shemeji alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililommaliza Dobi. "Miaka ishirini na sita nimetazama chini, kwenye tope. Kila mtu akiniona anaona bomba. Hata wewe, usikatae. Mtu mmoja tu kaniangalia akasema, huyu mweke juu. Rais kaona kitu ndani yangu ambacho mimi mwenyewe sikioni. Sasa hivi nasoma majina ya mawingu. Nikifa, nife nayajua."

Dobi akazima pasi. Katika chumba kile, mchana, pasi haikuwahi kuzimwa.

"Hakuona kitu," alisema. "Ni mimi. Yalikuwa makopo, Shem. Siku ile tulipokuwa tunabishana. Niliyarudisha ovyo. Maji ilikuwa bahasha yako."

Shemeji akainuka kwenye kigoda. Kisha akaita kuelekea uani, polepole, "Mdogo wangu, hebu njoo umsikilize mumeo. Njoo usikie mimi nani kaniweka juu."

Mke wa Dobi alisikia yote akiwa ameshika beseni. Alipomaliza kusikia akaliweka chini. "Nendeni Ikulu," alisema. "Wote wawili. Sasa hivi, kabla sijalitumia hili beseni."

Walikwenda na gari la wizara, hawasemezani. Lakini kadiri walivyokaribia, Shemeji alinyooka kwenye kiti. Kumbe Rais alikuwa amempangia Maji! Alikuwa amemjua kwa kazi yake, akamchagua kwa kazi yake. Kosa lilikuwa la dobi tu, na kosa la dobi linafulika.

Wakamkuta Rais peke yake kwenye meza ndefu, akilamba gundi za bahasha. Ulimi ulikuwa umekauka, kila baada ya bahasha mbili anakunywa maji. Alisikiliza habari ya makopo mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa, Mheshimiwa," Shemeji alisema, "tunaomba uangalie orodha yako, kila mtu arudi alipopangiwa."

"Orodha gani?"

"Ya nani ulimpangia nini."

Rais akashangaa kweli. "Sikuandika orodha. Nikiandika si nitajua? Na nikijua, siku ya kiapo nitashtuka na nini? Niliandika vyeo, nikavitia humu, nikavichanganya vizuri, nikampa dereva."

"Kwa hiyo Maji hukunipangia mimi?"

"Sikumpangia mtu, ndugu yangu. Lakini ulivyofungua ile ya ndege!" Rais akajishika tumbo. "Uso wako! Nimeurudia kuutazama mara kumi."

Shemeji akatafuta kiti kwa mkono, bila kugeuka, akakaa.

Rais akamgeukia Dobi, akachomoa bahasha kwenye rundo akamsogezea mezani. "Na wewe chukua moja. Mtu anayekosea kazi yake halafu anakuja mwenyewe kusema, hapa ndani sijawahi kumpata."

Dobi aliitazama bahasha ile. Ilikuwa safi, haina kunjo hata moja.

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi sifai."

"Umejuaje? Hujaifungua."

"Ndiyo sababu yenyewe."

Rais alilifikiria jibu hilo, akashindwa, akarudi kulamba.

Jioni ile chumba cha Dobi kilikuwa kimejaa, maana mkewe hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Dobi alipita katikati ya watu, akalifungua daftari la Mwalimu, akakausha mikono kwenye suruali, akasaini mstari wa kwanza. Sababu yake ilikuwa ndefu, ikateremka mpaka mstari wa tatu. Mwalimu aliisoma kwa sauti: "Mimi dobi nilichanganya bahasha tano za mawaziri kwa kutokuwa makini, na Rais hakujua, kwa sababu hakuna alichokuwa anakijua."

Shemeji akaomba kalamu. Yeye alisema yake ni maneno mawili tu, akaandika: Hakunipangia mtu.

"Ni matatu, hesabu vizuri," Mwalimu alisema kabla hajatazama. Kisha akatazama, akaona ni mawili kweli.

Mwenye duka la vitambaa akasogea mezani. "Tumeelewa ya Rais," alisema. "Na dobi je? Dobi mwenyewe anafaa?"

Hapo kikawaka. Mmoja akasema mtu wa namna hii asiguse hata soksi. Mwingine akasema mwaka juzi alirudishiwa suruali, akahisi kuna kitu, akanyamaza kwa heshima. Muuza magazeti akauliza kama sahihi zinaweza kukusanywa kwenye daftari hilohilo, nyuma, kuokoa karatasi. Mwenye duka la vitambaa akachukua mashati yake sita yakiwa mabichi, akaondoka yakidondosha maji mlangoni. Wawili wakamfuata. Dobi hakujitetea. Aliwasha pasi, akasubiri ipate moto.

"Shem yake yupo," mtu akasema. "Aseme yeye, ndiye aliyeumizwa. Anafaa au hafai?"

Shemeji alikuwa ameshavua koti lile la uwaziri lenye matapishi, amebaki na fulana. Asubuhi angepeleka barua ya kujiuzulu, na nguo ya kuipelekea ilikuwa hiyo moja. Akalikunjua juu ya meza mbele ya watu wote. Akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa kila kilichomo, akaugeuza ndani nje. Akafanya vivyo hivyo wa kushoto. Akafanya wa ndani. Vitu vyote akavitia kwenye mfuko wa suruali aliyovaa.

"Nalitaka kesho saa mbili," alisema.

Dobi akalipokea koti kwa mikono miwili.