Muuguzi Aliyeitwa Subiri

Kina mama wa kliniki ndio waliompachika jina la Subiri, na hawakulificha sana. Kila aliyefika mezani kwake na mtoto alilakiwa na neno hilo, muuguzi kainamia maandishi, kalamu inakwenda, macho hayanyanyuki. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Mtoto akishapimwa, uzito ule ule ulitakiwa uandikwe kwenye kadi, uandikwe kwenye rejesta kubwa, uandikwe tena kwenye daftari la kijani la lishe na kwenye daftari la chanjo, hata kama mtoto hakuchomwa sindano siku hiyo. Halafu uingizwe kwenye kishikwambi cha kituo, ambacho mtandao wake ulikuja ukipenda na kuondoka bila kuaga. Kumpima mtoto ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kumwandika ndiko kulikokula siku.

Asubuhi iliyomvunja moyo ilianza kama nyingine. Binti mmoja mwenye mtoto wa kwanza alimwambia muuguzi kwamba mwanawe amelegea. Muuguzi akamjibu asubiri, amalize mstari. Binti akasubiri, maana alikuwa na adabu zake. Kichwa kilipokuja kunyanyuka, mtoto alikuwa ameshageuza macho na mwili unachoma kama jiko. Wakakimbia naye chumba cha pili, wakamtundikia dripu, na Mungu akasitiri, mtoto akalia. Mama yake hakugomba. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Nilikuambia, Sista."

Ingekuwa heri angemtukana. Maneno yale muuguzi alikwenda nayo mpaka nyumbani.

Alikuwa na dada yake mkubwa, mwenye duka la vitambaa, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwita akamsaidie dukani. Safari hii muuguzi hakukataa. Aliahidi kutoa jibu siku ya Ijumaa, na moyoni alishalijua.

"Kitambaa hakizimii mkononi, mdogo wangu," dada alimwambia. "Ukikikata vibaya unakiuza kipande."

Kesho yake akaenda kumwambia mganga mkuu wa kituo kwamba anaacha kazi. Mganga mkuu alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba, anayependa karatasi zake zikae sawa. Wafanyakazi walisema ukimpelekea chai ataigonga muhuri kwanza. Muuguzi alijiandaa kuhubiriwa juu ya wito na thawabu. Hakuhubiriwa. Mzee alivua miwani, akamuuliza ni kitu gani kikiondolewa atabaki. Akajibu hajui, amechoka hata kujua. Basi mzee akasema kesho atakaa yeye kwenye kiti chake, aandike, na muuguzi apime tu.

Akakaa kweli. Alianza kwa mwandiko wa kupendeza, herufi zimenyooka kama zinakwenda harusini. Kabla jua halijapanda, foleni ilikuwa imefika mlangoni na mwandiko umelala ubavu. Aliandika uzito wa mtoto mahali pa umri wa mama, akafuta, akachafua, akaanza upya. Bibi mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni akawaambia wenzake kwamba leo wameletewa Subiri dume. Benchi zima likacheka, na mganga mkuu naye akacheka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

Ndipo aliponyanyua daftari la kijani. "Hili nani huja kulichukua?"

Muuguzi akamweleza anachokumbuka. Zamani alikuwa akija kijana wa mradi wa lishe na gari jeupe. Sasa akikumbuka vizuri, hajamwona tangu enzi za mlinzi aliyestaafu. Daftari likijaa huliweka kabatini, akafungua jipya. Ndivyo alivyoelekezwa na aliyemtangulia, naye hakuuliza.

Mganga mkuu akapiga simu makao makuu. Afisa wa huko akacheka, akasema mradi ule ulifungwa zamani, na waliposikia kituo bado kinaagiza madaftari walidhani wanayapenda.

Mzee hakucheka. Aliomba aonyeshwe kabati. Madaftari ya kijani yalikuwa yamepangwa mgongo kwa mgongo mpaka juu, yote mwandiko wa muuguzi. Muuguzi akaketi kwenye kigoda cha mizani. Alitaka kucheka, yakaja machozi.

Siku ile ile mambo yakabadilishwa. La kijani likafungwa. La chanjo likabaki kwa waliochanjwa tu. Kishikwambi akapewa karani wa mapokezi, awe anaingiza mchana kutoka kwenye rejesta. Karani akanung'unika kwamba yeye ameajiriwa kupokea watu; akaambiwa ataendelea kuwapokea, ila sasa na uzito wao. Makao makuu wakasema mabadiliko hayo yanataka barua na kibali. Mganga mkuu akajibu barua itakuja, lakini kazi imeshabadilika, na mkaguzi akifika amuulize yeye.

Ijumaa dada mtu hakungoja kupelekewa jibu. Alikuja mwenyewe kliniki, akaketi kwenye benchi katikati ya vitoto vinavyolia, mkoba mapajani.

Mezani alikuwepo mama wa mapacha. Muuguzi alishawapima na kuwaandika, na kadi ameshamrudishia. Hakumwita mwingine. Alimtazama yule mama usoni, akamuuliza kama analala usiku. Mama akajibu watoto wanalala vizuri.

"Sijauliza watoto."

Mama yule akaanza kueleza, kwanza kidogo kidogo, kisha yote. Muuguzi akasogeza kiti karibu, akampokea pacha mmoja.

Dada alisubiri mpaka akachoka kujipepea. Mdogo wake alipomjia, alianza kumwomba radhi kwamba amemzungusha bure, na kwamba hajui haya yatadumu mpaka lini. Huenda wakubwa wakayarudisha yale madaftari, na hapo ataondoka bila kugeuka nyuma.

"Ukija wakati huo utakuta nimeshaajiri," dada akasema. Alinyanyuka, akamvutia kola ya gauni la kazi iliyopinda. "Haya, kuna mama anakusubiri pale. Mimi nina duka."