Samaki Waliotiwa Macho Mapema

Rangi ya kucha hukauka upesi kuliko rangi ya dukani, na ndiyo sababu Anaclet aliitumia. Mwezi wa tatu mwaka 2015, katika saluni ya mke wake Colette, huko Isipingo, pwani ya kusini kabisa mwa bara, mtaa wa nyuma ya stendi ya taxi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho cha wateja akiwa na samaki wa mti, chambo cha kuvulia, mkononi. Samaki huyo alikuwa amechongwa kutoka mpini wa ufagio, akapigwa msasa, akatiwa uzito wa madini ya risasi tumboni na ulimi wa bati chini ya kidevu ili azame na kutikisika akivutwa. Alikuwa ameshapakwa nyeupe. Anaclet alimvalisha wavu wa nywele, ule ambao wanawake huvaa chini ya wigi, akaukaza kwa vibanio vya nguo, kisha akagusagusa juu yake kwa sifongo yenye rangi ya fedha. Alipouvua wavu, magamba yalibaki, kila moja mahali pake. Mgongo aliupaka kijani cha chupa. Ubavuni alipitisha mstari wa waridi mwembamba kama uzi, na kooni akatia wekundu kidogo, kwa sababu samaki mkubwa humpenda mdogo anayetoka damu.

Jicho hakutia.

Baba yake, kule Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, alimfundisha kwamba jicho hutiwa mwisho, tena fundi akiwa ameshafika majini. Samaki wa mti mwenye macho hakai nyumbani. Akikaa ataona mambo ya watu, na aliyekwisha kuona hawezi tena kuwa hakuona. Anaclet hakuiita imani. Aliiita kazi safi.

Mdogo wake Prodige, aliyewauza samaki hao kwa wavuvi wa ufukweni kila Jumamosi, aliiita kupoteza muda.

"Yaya, mteja hanunui kipofu," alimwambia kaka yake. "Ananiuliza, huyu iko na shida gani?"

"Mwambie atapata macho akifika baharini."

"Nimwambie nini, kwamba anangojea visa?"

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alicheka, na Colette naye akacheka. Anaclet hakucheka.

Siku moja ya mwezi wa nne, asubuhi, Prodige alitangulia kufika. Alichukua msumari, akachovya kichwa chake kwenye rangi ya njano, akagonga jicho la kila samaki, duara kamili kila upande, kisha kwa ncha ya kijiti cha kiberiti akatia mboni nyeusi katikati. Akawatundika wote dirishani kwa uzi wa kuvulia ili wakauke. Walikuwa wazuri. Anaclet alipowakuta alimwita mpumbavu mbele ya wateja, akatoka kwenda mjini kununua ndoana.

Mchana wa siku hiyo kundi la watu lilipita mtaani likivunja maduka ya wageni. Colette alikuwa ametoroka na wateja wake mapema, habari zilipofika. Prodige alibaki ili aingize mashine chumba cha nyuma. Chupa yenye moto ilirushwa kwa dirisha la nyuma, na moshi ukajaa. Watu wa zimamoto walipofika, walikuta geti la nondo la mbele limefungwa kwa nje, kwa kufuli kubwa la shaba. Walilikata. Prodige alikuwa amelala nyuma ya geti, mkono wake mmoja umepita katikati ya nondo na umefika kwenye lami. Dirishani samaki wa mti walikuwa wananing'inia, weusi kwa masizi.

Polisi waliandika kwamba marehemu alijifungia mwenyewe kwa hofu, akipitisha mkono kati ya nondo, na kwamba ufunguo haukuonekana. Wakaandika ajali.

Mama yao, Joséphine, alipiga simu kutoka Uvira baada ya mazishi. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani alimfungia mtoto wangu?"

"Wameandika kwamba alijifungia, Mama."

"Sikuuliza wameandika nini."

Anaclet alimwomba ampe muda.

Saluni ilisuguliwa, ikapakwa rangi, ikafunguliwa tena, kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kupatia chakula. Colette aliwaosha samaki kwa sabuni ya vyombo, akawarudisha dirishani. Hakuna aliyemwambia awatundike. Hakuna aliyethubutu kumwambia awatoe. Walipokauka, waligeuka. Siku moja walikuwa wameelekea kaskazini wote kwa pamoja, kama watu walio kanisani. Siku nyingine walielekea magharibi. Dirisha likifunguliwa au likifungwa, kwao ilikuwa sawa.

Bizimana, fundi wa simu wa mlango wa pili, ndiye aliyegundua wanaangalia nini. Walikuwa wanamwangalia mwenye jengo. Hilo lilikuwa jengo la maduka kadhaa, na mtu huyo aliitwa na wapangaji wote Mwenye Jengo, ingawa jina alikuwa nalo. Akienda Umhlanga, kaskazini mwa mji, samaki walielekea Umhlanga. Akirudi kwake, waligeuka naye polepole. Alipokuja Isipingo kudai kodi, gari lake likiwa bado kwenye robot, taa za barabarani za kona, walikuwa wameshavuta nyuzi zao mpaka zimenyooka hewani. Na akisimama mlangoni, hawakumwangalia usoni. Waliangalia mfuko wa kulia wa suruali yake, alimoweka funguo.

Wapangaji walizoea haraka.

"Bizimana, iko wapi leo?" mtu aliita kutoka duka la mwisho.

"Iko kwa robot! Funga, funga!"

"Uongo!"

"Kaulize samaki, si mimi!"

Milango ikashushwa. Mwenye Jengo akakuta mtaa mtulivu. Colette alilalamika tu kwamba nyuzi zinachakaa.

Anaclet hakuwa anatafuta kengele ya kodi. Alivuka barabara kwenda kwa Laurette, mwanamke wa Bukavu aliyeuza airtime chini ya mwavuli, uso kwa uso na saluni.

"Mama Laurette, ile siku ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Uliona."

Laurette alizipanga upya kadi zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Papa Anaclet, mbona unaniuliza kitu chenye samaki wako wameshasema?"

"Nataka mtu aseme."

Alitazama kushoto na kulia, kisha akasema, kwa sauti ya chini. Kabla kundi halijafika, Mwenye Jengo alikuja kwa gari, akafunga mageti kwa kufuli zake mwenyewe, moja baada ya jingine, ili jengo lionekane halina watu. "Prodige akamwita. Akasema, Papa, niko ndani. Yule akamwambia, kaa kimya, watapita. Akatia funguo mfukoni, akapanda gari, akaenda."

"Na moshi ulipoanza?"

"Prodige hakukaa kimya," alisema Laurette.

Anaclet alingoja mpaka taxi iliyokuwa inapiga honi ikapita. "Twende polisi."

"Eish, Papa. Mimi niko na karatasi ya ukimbizi ya miezi sita. Na huu mwavuli unasimama mbele ya jengo la nani? Kwa polisi mimi sikuona kitu."

Bizimana naye alikuwa ameona, kutoka darini alikojificha. Mwanamke wa mahindi ya kuchoma alikuwa ameona. Dereva wa basi dogo la taxi aliyekuwa anangojea abiria wajae alikuwa ameona na, alisema, alimhurumia sana kijana yule. Mtaa mzima ulikuwa na macho, na macho hayo aliyatia Mungu, si kichwa cha msumari. Lakini waliogeuka walikuwa samaki wa mti peke yao.

Anaclet alikwenda polisi mara nyingi mpaka wakachoka kumwona, wakamtuma sajenti mmoja. Alikuwa mtu makini. Alifunga mlango na dirisha ili kusiwe na upepo. Aliwahamisha samaki ukuta wa pili. Akamwita Mwenye Jengo, akamwomba asimame kushoto, kisha kulia, kisha nyuma ya kiti. Samaki walimfuata kila mahali. Sajenti alirudia yote tangu mwanzo, asije akakosea.

"Ni kweli," alisema. "Wanamwangalia."

"Basi andika," alisema Anaclet.

"Kumwangalia mtu si ushahidi."

"Wanaangalia mfuko wa funguo."

"Wengi wanauangalia mfuko wake, mzee. Na shahidi lazima aape, kisha aseme. Hawa hawana ulimi."

"Ulimi wanao, wa bati," alisema Colette, bila kuinua macho kutoka kichwa cha mteja aliyekuwa anamsuka. "Wenye ulimi wa nyama ndio hawautumii."

Bizimana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikumbuka kwamba ana simu ya mtu mezani.

Sajenti aliwatia samaki kwenye mfuko wa plastiki kama vielelezo, akaondoka nao. Kituoni waliwekwa kabatini. Askari wa zamu walisumbuliwa na kelele zao, maana waligonga upande mmoja wa kabati, kisha mwingine, kadiri Mwenye Jengo alivyozunguka mjini. Mwishowe jalada likafungwa. Neno ajali halikubadilishwa. Vielelezo, kwa mujibu wa utaratibu, vilirudishwa kwa mwenye mahali vilipochukuliwa. Mahali hapo palikuwa jengoni. Mwenye Jengo alitia sahihi, akapewa mfuko wake.

Anaclet alimfuata ofisini. Mwenye Jengo alikuwa mtu wa adabu. Alimpa kiti, akamwagizia chai.

"Hao ni samaki wangu," alisema Anaclet.

"Mzee, kilichotundikwa kwenye jengo ni cha jengo. Mkataba uliusoma."

"Mdogo wangu ndiye aliyewatia macho."

"Na amewatia vizuri. Pole sana kwa msiba."

Walipokuwa wanazungumza, mfuko wa plastiki ulikuwa unatambaa juu ya meza, kidogo kidogo, kuelekea upande wa mkono wake wa kulia. Mwenye Jengo alikisogeza kikombe chake ili kisimwagike.

"Ulimwambia akae kimya," alisema Anaclet.

"Nililinda jengo," alisema Mwenye Jengo. "Kunywa chai, itapoa."

Anaclet aliiacha chai mezani ikapoa. Kuanzia siku hiyo alibadilisha desturi ya baba yake. Kila samaki mpya alianza naye kwa jicho, mti ukiwa bado mtupu, kabla ya nyeupe, kabla ya magamba. Akawatundika dirishani macho wazi. Hawakugeukia popote. Hawakuwa wameona kitu bado.

Majira ya baridi samaki waitwao shadi walipanda kufuata pwani, na wavuvi wakajaa ufukweni. Mwenye Jengo alikuwa mvuvi wa miaka mingi asiye na bahati. Safari hii alifunga mmoja wa samaki wa mti kwenye uzi wake, akamtupa mbali, nyuma ya mawimbi. Samaki alianguka, akazama, akageuka, akaanza kurudi. Hakuhitaji kuvutwa. Aliogelea mwenyewe kumwelekea mtu yule, mkia unatikisika, koo jekundu linaonekana, kwa haraka ya kiumbe mwenye neno la kusema. Shadi hawakuwahi kuona chambo kilicho hai kiasi hicho. Walimkimbilia kwa kundi mpaka kwenye miguu ya Mwenye Jengo. Wavuvi waliosimama kushoto na kulia kwake hawakupata kitu.

"Yule samaki anawavuta wenzake wote," walisema kwa wivu, wakitaka kujua alimpata wapi. Aliwaambia ukweli, kwamba ni kazi ya wapangaji wake. Alisema anajivunia sana.

Mwezi wa nane yalifanyika mashindano ya uvuvi ya pwani ya kusini, na Mwenye Jengo akashinda. Anaclet alikwenda. Alivaa koti lake la kanisani, akasimama mbele kabisa, karibu na mizani. Sajenti alikuwepo na watoto wake, wanakula chipsi. Laurette alikuwepo na mwavuli wake, na Bizimana alikuwepo, kwa sababu Jumapili hakuna wa kutengenezewa simu.

Mwenye Jengo alimwinua shadi mkubwa. Mdomoni mwa shadi bado alining'inia samaki wa mti. Meno yalikuwa yamemkwangua ubavuni, rangi ya fedha imetoka, mstari wa waridi umekatika, na wavu wa magamba umebaki nusu. Jicho la njano halikuwa na hata alama. Lilielekea mfuko wa kulia. Mpiga picha alimwomba mshindi asogee kidogo kwa sababu ya jua. Akasogea. Samaki akageuka naye. Akasogea tena. Akageuka tena. Wote waliokuwepo waliona, na sajenti akamwambia mwanawe mdogo aache kunyoosha kidole.

Simu ya Anaclet ikalia. Ilikuwa Uvira.

"Muda niliokupa umekwisha," alisema Mama Joséphine. "Nani alimfungia mtoto wangu?"

Anaclet akataja jina, la kwanza na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. Waliokuwa karibu naye waligeuka, wakamtazama aliyetajwa, wakaitikia kwa kichwa, kama watu waliokumbushwa kitu wanachokijua.

"Na watu wa huko wanajua?"

"Wanajua."

"Wote?"

"Wote, Mama."

"Hiyo kelele nasikia ni ya nini?"

"Ni makofi," alisema Anaclet. "Wanampigia makofi."

Jukwaani, Mwenye Jengo aliinua kikombe cha ushindi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameutia mfukoni.