Suti ya Shefu Nkongolo

Amadi alilibana ganda la upupu kwa koleo la makaa, akalinyanyua taratibu kwa heshima zote kinazostahili kitu hatari, akalitumbukiza katika mfuko wa plastiki. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea mashimo ya shaba ya mgodi wa Mashamba, na hilo lilikuwa jambo jema, maana mchuma upupu mwenye akili huutazama upepo kwanza. Akaifikiria shingo ya Shefu Nkongolo, bosi wake, nene, yenye mikunjo kama mto wa kulalia. Akachuma ganda jingine.

Kwa kazi alikuwa mpiga pasi katika nyumba ya wageni mtaani Dilala. Alitoka Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika kuifuata shaba ya Kolwezi, Kongo, kama kila mtu, na shaba akaipata kweli: vumbi la kijani kwenye kola za watu wengine. Hapa ugali uliitwa bukari, na yeye aliitwa Mutanzania. Kila aliposema "vitu" wenzake walimrekebisha kwa huruma kubwa, kama mtoto anayefundishwa kuongea: "Bitu, tata. Bitu." Tata kwao ni baba, na "ndiyo" ni "njo".

Umeme ulipokatika, na ulikatika kila ulipojisikia, Amadi alitoa pasi ya makaa. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuitumia, kwenye sare zake za shule. Anza kwenye kola, mwanangu, halafu ushuke polepole. Usikimbilie mbele, nyuma kutakusuta.

Mama huyo alikuwa amekufa wiki mbili zilizopita.

Pale kazini simu za wafanyakazi zilikaa kwenye droo ya shefu mpaka jioni. Asubuhi ile simu ya Amadi ililia, Nkongolo akaipokea, akasikia habari kutoka kwa kaka yake Amadi, akasema, "Nitamwambia." Kisha akatazama mlima wa mashuka ya wageni waliokuwa wanawasili jioni, akairudisha simu drooni. Alimwambia Amadi kazi ilipokwisha, kofia mkononi, kwa sauti ya upole sana.

Wakati huo mama alikuwa ameshazikwa. Ujiji hawalazi maiti; walimswalia adhuhuri, wakamzika. Amadi hakulaumu kwamba hakufika, kwani nani angevuka nchi nzima kwa nusu siku? Lililomla moyo ni jingine. Saa ile mama anashushwa kaburini, yeye alikuwa amesimama mbele ya shuka la mgeni, anapiga mluzi. Mluzi wa furaha! Hata wimbo wenyewe aliukumbuka. Tangu siku hiyo hakupiga mluzi tena, wala hakulia. Alingoja.

Basi Jumamosi hiyo Nkongolo mwenyewe akaleta suti yake mezani.

"Tata Amadi, njo nguo ya kesho hii. Unipigie ile pasi yako ya Ujiji, ile ya kukata mutu kidole."

"Itakuwasha macho, shefu."

"Njo vile!"

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Amadi aliliona kanisa zima mbele yake: kwaya, mchungaji, na shefu katika benchi la mbele akijikuna kama nyani. Akaipiga pasi suti ile kwa uaminifu wote, kola kwanza. Ilipopoa akavaa glavu, akapaka upupu ndani ya kola, ndani ya bitana, na ndani ya magoti ya suruali. Suti ilikuwa ya kahawia. Upupu nao ni wa kahawia. Mambo mengine Mungu huyapanga mwenyewe.

Jumapili akajiandaa kwenda kusimama mlangoni pa kanisa. Kabla hajatoka, Mianda, mama wa Kikasai aliyefua mashuka pale kazini, akabisha.

"Uvae ile kanzu yako, tata. Twende."

"Kanisani?"

"Kanisa ya nini? Weye Muislamu! Twende tu, maulizo mingi."

Akampeleka kwenye lupango ya Nkongolo, uani kwake. Turubai lilikuwa limetandazwa, viti vimepangwa, masufuria ya bukari yako motoni. Wafanyakazi wote walikuwepo. Na katikati, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe, picha kubwa ya mama yake amejifunga kanga, anacheka.

"Kaka yako alituma kwa simu," Mianda akanong'ona. "Shefu aliomba."

Nkongolo akaja kumpokea, amevaa suti ya kahawia. Shingo ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

"Tata Amadi, nilikukosea. Kwetu maiti inalala, batu banakuya, banalia, kisha tunazika. Mi nilizani uko na wakati." Akajikuna. "Leo tunalia mama yako vile kwetu tunaliaka."

Akajikuna tena, mikono miwili. Akajikunja, akajinyoosha, akaruka, akapiga magoti mbele ya picha, machozi yakimbubujika.

"Angalia shefu!" mama mmoja akapaza sauti. "Analia mama wa wenyewe kama wake!"

Wanawake wakaangua kilio. Nkongolo akagaagaa, kilio kikapanda. Amadi akaanza kucheka. Akaficha mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika, na hapo katikati kicheko kikampotea, kikageuka, na sauti iliyomtoka hakuwahi kuisikia tangu utotoni. Alilia mpaka kanzu ikalowa.

Alipoinua macho, Mianda alikuwa anakuja na ndoo.

"Maji hapana!" Amadi akasema. "Yatazidisha. Leta jivu."

Mianda akasimama. Akamtazama yeye, akamtazama shefu, akaiweka ndoo chini, akaenda kuleta jivu.

Nyuma ya nyumba Nkongolo alivua koti na shati, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anahema.

"Njo weye?"

"Ndiyo, shefu. Ni mimi."

Kutoka uani wanawake walikuwa wanaimba sasa. Nkongolo akasikiliza kidogo, kisha akamgeuzia mgongo.

"Basi paka."

Amadi akachota jivu. Akaanza kwenye shingo, pale kola inapokaa, akashuka polepole, bila haraka yoyote, kama alivyofundishwa. Magoti aliyaacha ya mwisho.