Shukrani Iliyokatwa Mkia

Tii. Kimya. Tii.

Niliamka gizani nikatega sikio. Halikuwa bomba. Bomba letu liko uani, na maji yalikuwa yamekatika tangu juzi. Nikashuka kitandani nikapapasa chini ya kitanda cha mwanangu mpaka mkono ukagusa mfuniko wa sufuria ya wageni, ile kubwa tunayopikia pilau ya Krismasi. Tone likaniangukia kiganjani. Lilikuwa la uvuguvugu.

Halikuhitaji kunuswa.

Esta alikuwa macho, amejikunja ukutani kama kifaranga kilichonyeshewa. Ana miaka saba. Aliponisikia akanong'ona, "Mama, nililala nimebana miguu. Nilibana kabisa."

"Najua, mama," nikamwambia. Nilimvua gauni nikamhamishia kwangu, nikamkumbatia hivyo hivyo alivyo. Mtoto wako humwonei kinyaa. Kinyaa changu kilikuwa cha kitu kingine, na asubuhi nilikiona vizuri.

Kilikuwa kava la godoro. Nililinunua mjini kwenye duka la Janeth, lile linalouza mapazia, mashuka na mazulia, lenye muziki mlangoni. Janeth mwenyewe alilitandika mezani akamwaga kikombe cha maji juu yake. Maji yakajikusanya kama shanga, yakakaa. "Hata umwage ndoo, kipenzi," akasema, "tone halipiti." Siku niliyolitandika nyumbani, Esta alirukia kitandani akacheka mpaka pengo lake likaonekana lote. "Nipige picha, mama, baba aione." Nikampiga. Baba yake, Hosea, yuko Rungwa kwenye mizinga ya nyuki, na simu yake inapatikana akipanda juu ya kichuguu.

Sasa nililigeuza lile kava juani. Upande wa chini lilikuwa limechubuka utando mweupe, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka na kupoa. Nilipougusa ukanishika vidoleni, ukanata, ukavutika. Harufu ya mkojo uliolala ilikuwa imechanganyika na gundi na mpira ulioungua jua. Hata mwezi lilikuwa halijamaliza. Nilitema mate, nikaosha mikono kwa majivu, na bado wakati wa kula ugali niliiona ile ngozi kwenye vidole vyangu.

Nikaamua kulalamika. Nasoma masomo ya jioni, na Mwalimu Othmani alishatuambia darasani kwamba malalamiko bila shukrani ni matusi yaliyovaa suti. Hata bila yeye, kwetu ndivyo tulivyolelewa. Huingii nyumba ya mtu ukaanza na "mmenikosea." Unabisha hodi, unasalimia, unaulizia watoto na mvua, unashukuru kwa lililo jema, ndipo unatua mzigo wako. Basi nikakaa kwenye kigoda, mdogo wake Esta mgongoni, nikamwandikia Janeth hivi:

"Habari za kazi dada Janeth, pole na majukumu. Nashukuru sana kwa huduma yako nzuri. Kava nililonunua kwako nililifikisha salama na mwanangu Esta alilifurahia mno, maana ana miaka saba na bado anakojoa kitandani, alikuwa anaona aibu. Mungu akubariki. Lakini kava lenyewe linavuja, limechubuka lote upande wa chini, na mtoto analala kwenye maji. Naomba unisaidie."

Nikaambatanisha picha mbili, ya Esta siku ile ya furaha na ya ule utando. Nikausoma tena ujumbe wangu, nikaona umekaa vizuri. Janeth akajibu papo hapo: mioyo mitatu myekundu na "Asante kipenzi kwa mrejesho." Nikafurahi. Nikamwambia Esta, "Wanalishughulikia."

Kesho yake, Alhamisi, Esta alirudi kutoka shule kabla ya saa ya uji. Alipita bila kunisalimia, akaingia chini ya kitanda, akakaa kando ya ile sufuria. Nilikuwa bado nimeinama nambembeleza atoke nikasikia hodi ya Rebeka, jirani yangu anayesuka nywele. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji ya moto.

"Mama Esta, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Hujakaa, umechuchumaa. Kaa."

Ilikuwa picha ya mwanangu. Yuko juu ya kava, pengo nje, na juu ya kichwa chake wameandika kwa herufi nyekundu: USHUHUDA WA MTEJA! MTOTO KIKOJOZI? TIBA IMEPATIKANA! Chini yake ujumbe wangu, jina langu, jina la mtaa wetu wa Unyambwa, na namba yangu ya simu, vyote havijafichwa. Ujumbe ulianza na habari za kazi ukaishia kwenye Mungu akubariki. Baada ya hapo, hakuna kitu. Walikuwa wameukata mkia kama wa mbuzi.

"Imo kwenye kundi la wazazi wa shule," Rebeka akasema. "Na la kwaya. Mimi nimetumiwa na wifi yangu aliyeko Kintinku."

Nikafungua simu yangu. Wanaume nisiowajua walikuwa wameshaanza kunisalimia. Mmoja aliniuliza kama na mimi nalalia kava hilo. Niliiweka simu chini kifudifudi, nikajifuta mkono kwenye kanga, kana kwamba ule utando mweupe umetoka huko ndani ukanishika tena.

Shuleni walikuwa wamempa mwanangu jina. Kava. "Kava kaja, wekeni beseni!" Haya alikuja kunieleza Rebeka, aliyeyapata kwa binti yake. Esta mwenyewe hakunieleza lolote. Alifanya kitu kimoja tu: aliacha kunywa. Nikimpa uji anausukuma. Nikimpa chai anaitazama mpaka inapoa. Anakula ugali mkavu, hagusi mchuzi, anatafuna mbegu za alizeti kama ndege, na maji hataki. Nilimwambia, "Kunywa hata funda moja, mama yangu." Akafunga mdomo akautia ndani, meno yakashikilia midomo. Na upepo wetu huu wa Singida unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika, midomo ile ikaanza kuchanika. Ulimi ukawa mweupe.

Nikamwandikia Janeth, safari hii bila habari za kazi: Futa picha ya mwanangu. Alama mbili za buluu zikatokea, amesoma. Jioni picha ilikuwa bado ipo, imeongezewa muziki.

Jumamosi nilimwachia Rebeka mtoto mdogo. Kava nikalitia kwenye kiroba. Sikulifua. Esta alikataa kubaki, akajifunika kanga yangu kichwani ikabaki pua tu, tukapanda bodaboda ya Emilian, kijana wa pale kwetu. Tulipopita kwenye miamba akageuza shingo kidogo.

"Mama Esta, umebeba dagaa?"

"Nimebeba ushuhuda."

Akaongeza mwendo.

Duka lilikuwa limepuliziwa marashi, ile harufu tamu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, inayoziba koo. Janeth alikuwa nyuma ya meza, kucha ndefu za rangi ya nyanya, simu yake imesimama juu ya stendi ya miguu mitatu ikiwaangalia wateja. Kwenye stuli alikaa bibi mmoja aliyevaa ushungi mweupe, anapapasa taulo moja moja kwa utaratibu, na chupa ya maji miguuni pake.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mjukuu?"

Esta akaivuta kanga zaidi. Bibi akamwangalia ndani ya kanga. "Mbona midomo imekauka hivi? Njoo unywe." Akamnyooshea chupa. Esta akatikisa kichwa akajificha nyuma yangu.

Janeth alikuwa ameshatutambua. "Jamani! Mama Esta! Vipenzi vyangu mmekuja wenyewe!"

Nilifungua kiroba, nikalitandaza kava juu ya meza yake, upande uliochubuka juu. Marashi yote yakashindwa. Janeth akarudi nyuma mpaka akagonga mapazia, kucha zake zikafunika pua.

"Mama, nini hiki! Hapa kuna bidhaa za watu!"

"Na hii ni bidhaa yako."

"Toa nje, linanuka!"

"Nilikuandikia kwamba linavuja. Ungesoma mpaka mwisho nisingelileta."

"Wewe si ulinishukuru mwenyewe?" Sauti yake ilirudi kuwa tamu, lakini mkono haukutoka puani. "Mimi sikutunga hata neno. Ni maneno yako yale."

"Ulikata."

"Kipenzi, mrejesho mrefu watu hawasomi. Tunachukua pale patamu."

Pale patamu. Nilimtazama yule mwanamke akitafuna ubani, ulimi ukizungusha kile kidonge cheupe toka shavu hili kwenda lile, nikajifuta vidole kwenye gauni. Si harufu ya kava iliyonitia kinyaa. Ile ilikuwa harufu ya mwanangu, niliizoea. Ilikuwa hii "kipenzi" yake, inayonata vidoleni kuliko utando wowote.

"Sitaki hela yangu," nikasema. "Nataka ufute picha ya mtoto na namba yangu, sasa hivi, nikiona. Ipo sheria ya taarifa za watu, tumeisoma."

"Sheria?" Akacheka. "Mama, hapa ni Singida. Na picha ikishaingia mtandaoni haifutiki. Tena ile posti nikuambie ukweli imenibariki. Mzigo wote umeisha, limebaki moja tu, na huyu bibi amelishika."

Nikageuka. Kweli, chini ya taulo, mapajani kwa bibi, lilikuwepo kava kwenye mfuko wake wa nailoni unaong'aa.

"Mimi ni Mwanabaraka," bibi akaniambia taratibu. "Mzee wangu, Abdulhamidi, amelala kitandani tangu mfungo. Hageuki mpaka ageuzwe. Mjukuu alinionyesha picha kwenye simu. Nikasema, kama limemfaa mtoto wa watu akacheka hivi, litamfaa na mzee wangu." Aliangalia mezani, akaangalia mapajani kwake. "Hili la mezani ndilo lile la kwenye picha?"

"La kwake lilikuwa na kasoro, bibi!" Janeth akadakia. "Moja moja hutokea. Mama Esta, sikia, tuyamalize. Nakupa jipya bure mzigo ukija. Wewe na mtoto mniambie asante tu hapa kwenye simu, neno moja, watu waone tunajali wateja." Na kabla sijajibu alishabonyeza. Akajirekebisha nywele, akatabasamu. "Haya wapenzi wangu, tupo laivu kutoka dukani, na leo nina mgeni maalumu, yule mtoto wetu wa Unyambwa! Esta, mrembo, sogea. Mwambie bibi hapa siku hizi unalalaje?"

Nilitupa kanga juu ya uso wa mwanangu, yote, nikamvuta kifuani. "Zima hiyo simu!" Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani, yenye mwanzo na kati na mwisho, na yote yalikuwa yanaanza kwa adabu. Hata moja halikuja. Mwenye duka anacheka na simu yake, "Mama ana aibu kidogo, wapenzi," na mimi nimesimama nimeziba uso wa mtoto kama mwizi aliyekamatwa, katika duka la mtu aliyetuibia.

Bibi Mwanabaraka hakuiangalia simu. Aliinama kwenye stuli mpaka uso wake ukawa usawa wa kanga.

"Mjukuu wangu," akasema, "usinijibu kwa ajili yao. Mzee wangu hawezi kusema. Wewe ndiye uliyelala humo. Nilinunue?"

Nilihisi vidole vidogo vinashika pindo la kanga. Nikaibana. Akavuta. Nikabana tena, kisha nikauona ule mkono, kucha zake fupi zenye vumbi la nyumbani, na jinsi ulivyokuwa hautetemeki. Nikaachia.

Kanga ikaanguka sakafuni. Esta alisimama katikati ya duka na nywele zake zimesimama upande mmoja, akamtazama bibi, akatazama chupa. Akaichukua. Akainywa kwa mikono miwili, mafunda makubwa makubwa, koo likipanda na kushuka, maji yakimtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni. Alikunywa mpaka chupa ikajikunja ikalia.

Kisha akajifuta mdomo kwa mkono, hakusalimia, hakushukuru, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Alhamisi:

"Bibi, mimi ndiye ninayelalia hilo kava, na linavuja."