Chekeche Yakuta Makosa

Naitoi alikuwa haoni tangu utotoni, lakini ukimwonea huruma mbele yake utakiona cha mtema kuni. Alitoka kwa wafugaji wa Mazingara, Handeni, akaja Korogwe kusomea ualimu, na somo alilotaka kufundisha ni baiolojia, si jingine. Miaka ile vyuo vya watu binafsi viliota kila kona kama uyoga, na chake kilijigamba kwamba masomo yote yako mtandaoni. Mtandaoni, naam! Kompyuta ilimsomea maandishi kwa Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana, ikifika kwenye mchoro inanyamaza. Na baiolojia bila michoro ni ugali bila mboga.

Akafeli majaribio. Mkuu wa chuo, Mzee Isihaka, mtu mwema asiyependa maneno mengi, akamwambia ahamie historia. Naitoi akakataa katakata. Kasoro iko kwenye masomo, alisema, si kichwani mwangu.

Basi wakakubaliana. Hiza, fundi kompyuta wa chuo, alikuwa ametengeneza programu akaiita Chekeche. Kazi yake ni kuyapitia masomo ya mtandaoni na kutoa muhtasari wa yote yanayomkwamisha mwanafunzi asiyeona au asiyesikia. Chekeche ikikuta makosa, Naitoi anabaki. Isipokuta, historia.

Siku ilipofika wakakutana chumba cha kompyuta. Hiza akabonyeza, sauti ikasoma: "Baiolojia. Michoro yote ina maelezo. Hakuna tatizo."

Mwalimu Mwaija, mwenye somo lake, akashusha pumzi. Kumbe aliposikia Chekeche inakuja, alikaa akajaza maelezo kwenye kila mchoro. "Mimi wajibu wangu nimetimiza," akasema. "Sasa tusitafute mchawi."

Lakini Naitoi kurudi nyuma hakukujua. "Mzee, naomba tulisikilize somo la jicho."

Wakalisikiliza. Maandishi yakasomwa vizuri, mchoro ukafika. "Picha," ikasema kompyuta, ikaendelea na safari yake. Mchoro wa pili: "Picha." Wa tatu vilevile.

"Si ndiyo maelezo?" Mwaija akauliza. "Ni picha kweli."

"Ni picha kweli, Mwalimu," Naitoi akakubali kwa upole. "Ila nina shida nyingine. Kwetu ng'ombe akipotea tunatuma neno hadi mnadani, na mtu ambaye hajawahi kumwona akikutana naye anamrudisha. Sasa wangu amepotea. Mtanisaidia kumtafuta?"

"Yukoje?" akauliza Mzee Isihaka, maana naye alikuwa na zizi kule Sindeni na habari za ng'ombe hazimpiti.

"Ni ng'ombe, Mzee."

"Ndiyo, binti yangu, lakini yukoje?"

"Ng'ombe."

Hiza alitaka kucheka, akakimeza kicheko. Mzee hakucheka. Akasema, "Huyo hapatikani."

"Basi na mimi jicho silipati. Angekuwa wa baba yangu ningekwambia ni mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imelala, na mtoto mdogo angemjua. Mwalimu, hilo jicho la kwenye somo likoje?"

Mwaija aliona aibu, na aibu si kitu kibaya kwa mwalimu. Halafu akavuta kiti karibu na Naitoi. "Mbele kabisa kuna konea," akaanza polepole, "angavu, imebinuka kwa nje. Nyuma yake mboni, tundu dogo jeusi la kupitisha mwanga. Ndani zaidi, lenzi." Naitoi alikuwa akichora mezani kwa kidole, kipande baada ya kipande, mpaka jicho zima likakaa pale.

Hiza naye hakungoja kuambiwa. Akairekebisha Chekeche palepale, isikubali maelezo yanayosema picha tu, wala neno moja lililobandikwa kila mahali. Akabonyeza tena.

Safari hii muhtasari ulikuwa mrefu. Mchoro wa jicho, haueleweki. Mchoro wa moyo, haueleweki. Wa figo, wa jani, wa chavua. Mzee Isihaka alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia Mwaija aanze kuandika leo leo, na Naitoi asihame.

Naitoi aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka kwa furaha. Maisha yake yote makosa yakisomwa mbele za watu yalikuwa yake.

"Kaka Hiza," akasema, "hebu Chekeche isome tena."